Mizani Haitofautishi Maji na Mafuta

Michezo ya mapigano kama vile judo, mieleka, ngumi na taekwondo huwagawa wachezaji katika madaraja ya uzito ili mwenye mwili mdogo asikutanishwe na mwenye miraba minne. Katika judo ya wanaume, kwa mfano, madaraja ni ya kilo 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya 100. Kusudi la mpango huo ni haki. Hata hivyo, umezaa tabia ya hatari. Mchezaji mwenye kilo 70 huona ni afadhali ashuke hadi kilo 66, akawe mkubwa miongoni mwa wadogo, kuliko kushindana katika daraja la kilo 73. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: je, kilo hizo 4 zitatoka wapi?

Kinachopungua ni nini?

Maji ni kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mzima. Sehemu iliyobaki ni protini, mafuta, madini na akiba ndogo ya wanga iitwayo glikojeni, ambayo huwekwa katika misuli na ini. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana mtu aachaye ghafla kula vyakula vya wanga hupungua kilo moja au mbili katika siku chache za mwanzo. Mafuta yake karibu yote yangali pale pale. Kilichotoka ni maji, pamoja na nishati ambayo misuli ingeihitaji siku ya pambano.

Mafuta hayaishi upesi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kilokalori 7,700 hivi, na saa moja ya mazoezi makali humgharimu mtu wa kilo 70 kiasi cha kilokalori 600. Hata kama nishati hiyo yote ingetoka katika mafuta peke yake, mafuta yaliyotumika yasingefika gramu 100. Lakini mchezaji huyo akipanda juu ya mizani baada ya saa hiyo, aweza kukuta amepungua kilo nzima. Karibu yote ni jasho. Mizani imesema kweli kuhusu uzito, bali haikusema lolote kuhusu unene.

Jasho na joto la mwili

Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati yake hugeuka kuwa joto. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Hupoza linapogeuka mvuke juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke yote huondoa kilokalori 580 hivi za joto.

Mchezaji avaaye nguo za mpira au plastiki wakati wa mazoezi huuvuruga mpango huo. Jasho hutiririka kwa wingi, lakini mvuke hauna pa kutokea. Hivyo hupoteza maji bila ya kupoa. Damu hupungua maji, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, figo hukosa damu ya kutosha, na joto la mwili huzidi kupanda. Upungufu wa maji wa asilimia 2 tu ya uzito waweza kupunguza ustahimilivu. Mchezaji wa kilo 70 anayetaka kuondoa kilo 4 kwa njia hii hupoteza karibu asilimia 6 ya uzito wake.

Vifo vya mwaka 1997

Kati ya Novemba na Desemba 1997, vijana watatu wa vyuo vya Marekani, katika majimbo ya North Carolina, Wisconsin na Michigan, walifariki walipokuwa wakijipunguza uzito kwa ajili ya mieleka. Wote walijinyima chakula na maji, wakafanya mazoezi makali mahali penye joto huku wamevaa mavazi yasiyopitisha mvuke.

Baada ya misiba hiyo, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kilipiga marufuku mavazi hayo na vyumba vya mvuke, kikasogeza upimaji wa uzito karibu na saa ya pambano. Baadaye kila mwanamieleka aliwekewa uzito wa chini asioruhusiwa kuupita, na ikakatazwa kupungua zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa juma. Katika judo ya kimataifa nako, uzito hupimwa jioni kabla ya mashindano, na asubuhi yake baadhi ya wachezaji hupimwa tena. Hawaruhusiwi kuzidi kikomo cha daraja lao kwa zaidi ya asilimia 5.

Njia iliyo salama

Apunguzaye uzito kwa haki hupunguza mafuta, na mafuta huhitaji muda. Upungufu wa kilokalori 500 kwa siku huondoa nusu kilo hivi kwa juma. Basi kilo 4 huhitaji majuma 8 au zaidi. Kinachofaa kupunguzwa kwanza ni sukari, soda na vyakula vya kukaangwa. Maharage, dagaa, samaki na mayai visipunguzwe, kwa kuwa protini huilinda misuli. Ugali au wali ubaki kwa kiasi, hasa siku za mazoezi, na mboga za majani na matunda viongezwe. Maji yasikatazwe kamwe. Dawa za kuongeza mkojo ni hatari, na tena zimepigwa marufuku michezoni. Kijana ambaye bado anakua hapaswi kujinyima ili aingie daraja la chini. Ashindane katika uzito alio nao.

Jaribio la shuleni

Mwanafunzi apimwe uzito kabla na baada ya nusu saa ya mazoezi ya kawaida, jasho likiwa limefutwa. Kisha anywe maji kiasi kile kile kilichopungua, apimwe tena. Darasa litaona kilo zilizodhaniwa kuwa zimepungua zikirudi kwa bilauri chache za maji, na hapo litajadili mwenyewe kama mwanafunzi huyo alikuwa amekonda.