Kabla ya Kununua Mchezo, Ujue Mfumo wa Kompyuta Yako

Tuchukue mfano wa mzazi anayeteremka kutoka Mamba hadi mjini Same kumnunulia mwanawe kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Kompyuta inawaka, kioo ni safi, bei inaelewana. Wakirudi mlimani, kijana ananunua mchezo mtandaoni na kutumia bando lote kuupakua, kisha mchezo unakataa kufunguka. Mzazi huamini ameuziwa kompyuta mbovu. Huenda si mbovu hata kidogo.

Kila kompyuta huongozwa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Inayojulikana zaidi ni Windows, macOS ya kompyuta za Apple, na Linux, ambayo hupatikana bure na hufaa kompyuta za zamani. Mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya Windows ukiwekwa kwenye Linux hufanana na mgeni aliyefika ofisini na barua ya Kipare, akamkuta karani asiyekijua.

Wakalimani wapo. Programu ya Wine, iliyoanza mwaka 1993, na Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, huiwezesha Linux kuendesha michezo mingi ya Windows. Mingi, si yote. Michezo ya kushindana mtandaoni ndiyo yenye usumbufu zaidi, kwa kuwa baadhi yake huja na programu ya kuzuia udanganyifu inayojikita ndani kabisa ya mfumo. Valorant, kwa mfano, kwa upande wa kompyuta huchezwa kwenye Windows pekee.

Toleo la mfumo nalo lina uzito wake. Steam, duka la michezo la mtandaoni, liliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Toleo la macOS la mwaka 2019, liitwalo Catalina, liliacha kuendesha programu zote za biti 32, na michezo mingi ya zamani ikakoma siku mwenyewe aliposasisha kompyuta yake. Kwa hiyo muuzaji akisema tu kwamba kompyuta “ina Windows”, hajakujibu. Muulize ni Windows ya ngapi, naye akuonyeshe kwenye kioo.

Soma mahitaji ya mchezo kwenye ukurasa unaouzwa, uyalinganishe na kompyuta iliyo mbele yako. Mwombe muuzaji aandike mfumo na toleo lake kwenye risiti; akikuhakikishia kwamba mchezo fulani utafanya kazi, hilo pia liandikwe. Kurudi Same kudai haki kuna nauli, na bila maandishi utafika na maneno matupu.

Mchezo ulionunuliwa Steam unaweza kuombewa marejesho ya fedha ndani ya siku 14, iwapo umechezwa kwa muda usiofikia saa mbili. Gharama ya bando lililotumika kuupakua haimo katika marejesho hayo.