Kongoni wa Stamford Hill

Hebu tegueni hiki: kongoni, kipanga, korongo na kilele vina undugu gani? Wa kwanza ni mnyama wa mbugani, wawili ni ndege, na cha mwisho ni ncha ya mlima. Jibu moja liko hapa hapa Durban. Yote manne yalikuwa majina ya vituo vya Jeshi la Wanamaji la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kipanga kilikuwa Mombasa, Korongo Nairobi, Kilele Tanga. HMS Kongoni ilikuwa Durban, pamoja na uwanja wa ndege wa Stamford Hill, karibu na viwanja vya leo vya Kings Park. Waingereza huvipa vituo vya nchi kavu majina kama ya meli, na meli yetu ya nchi kavu ilipewa jina la Kiswahili.

Nilikutana na majina haya nikifuatilia picha za rangi za ndege za kivita, hasa zile zinazoruka kutoka kwenye manowari za kubeba ndege. Sanaa hii ina mashabiki wengi Uingereza, Marekani na Kanada. Mchoraji huchagua kikosi kimoja na tukio moja, kisha nakala huchapwa kwa idadi maalumu, nyingine zikitiwa saini na marubani waliorudi salama.

Mashabiki hao hawasamehe kosa. Chukua ndege ya Corsair. Propela yake ilikuwa kubwa mno, hivyo mabawa yalipindwa ili miguu ya magurudumu isiwe mirefu. Za Waingereza zilikatwa ncha za mabawa ziweze kuingia katika maghala ya manowari zao. Tena, katika Bahari ya Hindi, alama yao ya duara iliondolewa doa jekundu la katikati ili ndege isidhaniwe kuwa ya Wajapani. Mchoraji akisahau doa hilo tu, atasutwa.

Anayechorwa mara nyingi ni Luteni Robert Hampton Gray, Mkanada wa Kikosi cha 1841 kwenye manowari Formidable. Tarehe 9 Agosti 1945 aliishambulia meli ya Kijapani Amakusa katika ghuba ya Onagawa, akaizamisha, naye akafa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Kila picha yake niliyoiona inaonyesha dakika hizo. Lakini kabla yake, Gray alitumikia Afrika Mashariki kwa muda mrefu, pamoja na Kikosi cha 877 kilichoundwa Tanga mwaka 1943. Huko hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na doria, joto na kusubiri. Sijaona picha ya kipindi hicho.

Durban nayo ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1942 manowari Illustrious iling'oa nanga hapa kwenda Madagaska. Tarehe 5 Mei ndege zake aina ya Swordfish na Martlet zilishambulia Diego Suarez. Mchoraji ataipenda Swordfish juu ya ghuba ile. Je, nani atamchora fundi aliyelala chini ya injini? Nani atamchora mpakiaji wa bandarini aliyebeba shehena za manowari mgongoni?

Mji huu si kwamba hauna kumbukumbu. Perla Gibson, aliyekuwa akiwaimbia askari gatini akiwa amevaa nguo nyeupe, amewekewa sanamu. Marubani wana picha zao. Waliofanya kazi kati ya gati na uwanja wa ndege ndio hawana mahali ukutani.

Kwa hiyo nina ombi. Wapo miongoni mwetu wanaosoma sanaa, na wapo wenye wazee waliofanya kazi bandarini. Tukae nao, tuulize, tuandike, kisha mmoja wetu achukue brashi. Achore Stamford Hill asubuhi: ndege imekunja mabawa, watu wanaisukuma, na nyuso zao zinaonekana. Mabawa yawe sahihi, na doa jekundu lisiwepo. Chini ya picha aandike jina la kituo, Kongoni. Wageni wakiuliza maana yake, sisi wa klabu hii tutakuwepo kuwajibu.