Mwalimu wa Tarime, unataka masta ya kufundisha sanaa? Soma hii kabla ya kulipia fomu

Kuna kosa linaloweza kukumalizia hela ya fomu na mwaka mzima: kuona neno "sanaa" kwenye tangazo la chuo ukadhani ni uchoraji.

Shahada ya Sanaa na Elimu, ile waliyo nayo walimu wengi wa sekondari, haihusu brashi wala ngoma. Ni Historia, Jiografia, Kiswahili na masomo ya aina hiyo. Kwenye uzamili ni hivyo hivyo. Ukisoma "Uzamili wa Sanaa katika Elimu", hapo sanaa ni jina la aina ya shahada tu. Usiangalie jina, fungua orodha ya kozi.

Mbona watu wanauliza sasa? Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Mwalimu aliyezoea Hisabati anaweza kujikuta amepangiwa kipindi cha kuchora, kuimba na kufinyanga. Anayetaka kulijua somo hilo kwa undani ana njia mbili.

Ya kwanza ni uzamili wa elimu, halafu utafiti wako unauelekeza kwenye ufundishaji wa sanaa. Ya pili ni uzamili wa sanaa yenyewe, iwe uchoraji, muziki au maigizo, huku utafiti ukiupeleka darasani. Kwa mwalimu aliye kazini, mimi ningechagua ya kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Elimu na pia Idara ya Sanaa Bunifu, kwa hiyo unaweza kutafuta msimamizi anayezielewa pande zote mbili. Profesa Elias Jengo, mchoraji aliyesoma Makerere, alifundisha sanaa na ualimu wake hapo Dar kwa miaka mingi.

Na wewe wa Tarime usisahau mpaka wa Sirari. Nairobi iko karibu zaidi kuliko Dar, na Makerere imefundisha sanaa tangu miaka ya 1930. Ila shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU, basi waulize kabla hujalipa ada, siyo baada ya mahafali.

Sifa ya kawaida ya kujiunga ni shahada ya kwanza yenye GPA ya 2.7 au zaidi. Kinachowakwamisha wengi ni wazo la utafiti, na hapo ndipo Tarime ina utajiri. Chukua litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane. Mtoto anayelipiga vizuri nyumbani, shuleni apewe alama vipi, na nani, kama mwalimu mwenyewe halijui? Mzee wa kijijini anaweza kuingia darasani kufundisha?

Halafu kuna swali gumu zaidi. Baadhi ya nyimbo na ngoma za huku zimefungamana na msimu wa tohara, na kwa wasichana hiyo maana yake ni ukeketaji, ambao sheria imeukataza kwa walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Ukifundisha "ngoma zetu", unabeba zipi na unaacha zipi? Ukizitoa zote, mtoto anabaki na nini cha Kikurya? Hilo halina jibu rahisi. Mtu anayeishi huku na kujua lugha atalichimba vizuri kuliko anayekuja kwa wiki mbili na kinasa sauti.

Kwa mwajiriwa wa halmashauri, ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri ndiyo ya kwanza, barua ya chuo baadaye. Ondoka bila ruhusa uone mshahara unavyosimama. Tena usikope ukitegemea masta itakupandisha cheo yenyewe. Muulize ofisa utumishi wako muundo wa kada yako unasemaje, na omba akujibu kwa maandishi.