Mkono wa Fundi Baada ya Jeraha

Katika viungo vyote ambavyo mfanyakazi huenda navyo kazini kila asubuhi, hakuna kinachoikurubia hatari kuliko mkono. Kwani jicho hutazama kwa mbali na mguu huweza kurudi nyuma, ilhali mkono hauna budi kushika nondo iingiapo kwenye mashine ya kukunjia, kuelekeza boriti ya chuma ining'iniayo kwenye kreni, na kuituliza grenda ambayo diski yake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mkono mmoja una mifupa 27, na kano zake, mishipa ya damu na ya fahamu zimekaribiana sana, hata jeraha dogo la ngozi huweza kusitiri madhara makubwa.

Baya kuliko yote, na ambalo mafundi wengi hawalitambui, ni jeraha la grisi au rangi ipenyayo kidoleni kwa nguvu ya pampu: tundu huwa kama la sindano, damu haba, maumivu ya kustahimilika kwa saa za mwanzo, na majeruhi huambiwa akapumzike kivulini, kumbe mafuta yamekwisha kufuata njia za kano hadi kiganjani, na asipopasuliwa upesi huenda kidole chote kikakatwa. Glavu nayo, ambayo ni kinga njema mbele ya bati na zege, huwa mtego karibu na chuma kinachozunguka, maana uzi wake ukinaswa huuvuta mkono mzima. Na kidole kilichokatika kisitupwe wala kisigusishwe barafu: kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiovuja, mfuko uwekwe juu ya maji ya barafu, nacho kiende hospitali pamoja na mwenyewe.

Hapo ndipo huanza mlango wa haki, ambao Tanzania Bara umewekewa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo huchangiwa na mwajiri peke yake, na ni haramu kumkata mfanyakazi hata senti kwa ajili yake. Uzembe wa kawaida haumwondolei majeruhi stahiki zake. Kwa hiyo neno lile la wasimamizi, "umejiumiza mwenyewe," ambalo limewanyamazisha vibarua wengi, halina hoja mbele ya sheria. Stahiki hizo ni matibabu, malipo ya asilimia 70 ya mshahara kwa muda asioweza kufanya kazi, hadi miezi 24, na baada ya hapo fidia ya ulemavu wa kudumu: mkupuo kwa ulemavu usiozidi asilimia 30, na pensheni ya kila mwezi kwa unaozidi.

Kwa rai yangu dhuluma kubwa haimo katika viwango hivyo bali katika ukimya wa siku za mwanzo. Mwajiri amepewa siku saba za kutoa taarifa ya ajali, na haki yenyewe huweza kupotea ikiwa miezi 12 imepita bila mwajiri wala Mfuko kujulishwa. Walakini kibarua asiye na mkataba wa maandishi, aliyelipiwa bandeji ya kwanza na kupewa nauli ya kurudi kwao, hudhani kwamba amekwisha kutendewa wema. Basi na aandikishe jeraha siku ile ile, ataje saa, mashine na majina ya waliokuwapo, amweleze tabibu bayana kwamba aliumia kazini ili iandikwe hivyo katika karatasi zake, na atunze nakala mwenyewe.

Pana jambo jingine lisilosemwa vya kutosha, nalo ni ajira yenyewe. Fundi aliyepoteza dole gumba aghalabu huonekana hana kazi tena, ilhali huweza kusimamia stoo, kusoma ramani au kufundisha wanagenzi, na kanuni za ajira zamtaka mwajiri ajitahidi zaidi kumtafutia nafasi aliyeumia kazini kwake kabla ya kufikiri kumwachisha. Akiachishwa bila kufuatwa utaratibu, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa hata kama mkono ungali katika plasta.