Je, Wajua? Mapigo Yanayoendesha Saa za Mpemba

Je, wajua kwamba Mpemba ina njia mbili za kutoka nje ya nchi, na zote mbili humrudisha msafiri nyuma kwa saa moja? Ukinyoosha na barabara kuu ya TANZAM unaingia Tunduma, na ng'ambo ya pale ni Nakonde ya Zambia. Ukikata kuelekea Isongole, wilayani Ileje, baada ya kama kilomita 50 unaikuta Malawi. Nchi hizo mbili hufuata saa mbili mbele ya saa ya dunia, yaani UTC, ilhali Tanzania hufuata saa tatu. Simu iliyoachiwa ijipangie saa yenyewe, ikidaka mnara wa Nakonde, hurudi nyuma dakika 60 hata kama mwenyewe bado amekaa upande wa Tunduma akisubiri foleni isogee.

Jua lenyewe halikubaliani na upande wowote. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo 45, unaopita karibu na Mogadishu. Tunduma na Mpemba zipo magharibi yake sana, karibu na 32.8. Kila digrii moja ni dakika 4, kwa hiyo jua la Mpemba hufika kilele chake, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 49 mchana. Kwa saa ya Nakonde ni saa tano na dakika 49. Mchana halisi umeangukia katikati ya saa hizo mbili, umeegemea zaidi upande wa Zambia.

Je, wajua simu ya Mpemba husoma saa yake kwenye faili la Nairobi? Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na Linux, Android na mifumo mingine mingi haina kanuni za peke yake za Dar es Salaam. Jina la Dar es Salaam limeelekezwa kwenye kanuni za Nairobi. Lusaka na Blantyre, zote mbili, zimeelekezwa Maputo.

Kerneli ya Linux, ambayo ndiyo kiini cha kila simu ya Android na cha vitochi vya KaiOS pia, haiujui mpaka wa Tunduma hata kidogo. Yenyewe huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, basi. Kuzigeuza sekunde hizo ziwe saa ya Tunduma au ya Nakonde ni kazi ya programu zilizo juu yake. Naona huo ni uamuzi wa busara kubwa. Serikali hubadili saa, mipaka huhama, lakini hesabu ya sekunde haimsubiri mtu. Swali gumu ni hili: sekunde zenyewe kerneli inazipata wapi?

Je, wajua kwamba zinatoka kwenye kijiwe kinachotetemeka? Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani, kwatzi ikiwemo, hutoa umeme zinapobanwa. Kinyume chake pia ni kweli: ipe kwatzi umeme, itajikunja. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Labs, Marekani, walitengeneza saa ya kwanza iliyoendeshwa kwa mtetemo huo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ikaanza kuuza Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi, ambayo fuwele yake ilitetema mara 8,192 kwa sekunde. Siku hizi kiwango kilichozoeleka ni mara 32,768. Namba hiyo haikuokotwa tu: igawe kwa mbili mara 15 mfululizo, utabaki na 1, yaani pigo moja kwa sekunde. Kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa sakiti ya kielektroniki. Fuwele ya namna hiyo ndiyo inayolinda tarehe ndani ya simu iliyozimwa, na ndani ya saa nyingi za ukutani zinazotumia betri moja.

Fuwele hizo zina tabia moja ambayo watu wa nyanda za juu wanapaswa kuijua. Zimekatwa zifanye kazi vizuri kwenye nyuzijoto 25. Joto likizidi zinachelewa, na baridi ikizidi zinachelewa vilevile. Kwenye nyuzijoto 10, baridi ambayo usiku wa kipupwe Songwe si ngeni, fuwele ya kawaida ingepoteza karibu sekunde 0.7 kwa siku kama hali hiyo ingedumu. Ndani ya kebini ya lori iliyofungwa, jua la Chalinze likipandisha joto hadi nyuzi 60, ingepoteza zaidi ya sekunde 3.5 kwa siku. Lori linalotoka bandarini Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, huonja hali zote mbili, na kila kifaa kilichomo kina fuwele yake.

Hiyo ni fuwele ndogo, ya kulinda tarehe. Kazi nzito hufanywa na nyingine yenye kasi zaidi. Bodi nyingi hutumia fuwele ya megahezi 24, na simu zenye chipu za MediaTek kwa kawaida hutumia megahezi 26. Lakini kila sehemu ya chipu hutaka mapigo ya kasi yake: kichakataji, kioo, kamera, spika, kadi ya memori. Haiwezekani kufunga fuwele kwa kila moja. Kwa hiyo sakiti iitwayo PLL huzidisha mapigo, mathalani megahezi 24 mara 50 yawe 1,200, kisha vigawanyi huyapunguza na vichaguzi huamua yatoke wapi. Ni kama mfereji wa umwagiliaji: chanzo kimoja, matawi mengi, na mlango mdogo kwenye kila shamba. Ukifunga mlango wa juu, mashamba yote ya chini yanakauka, hata lile ambalo hukulijua.

Anayesimamia milango hiyo ni programu fupi ndani ya kerneli, draiva ya mapigo. Watu wachache sana huifikiria, na bado bila yake hakuna kingine kinachoamka.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2012 kila familia ya chipu ilikuwa na namna yake ya kuandika draiva hizo? Namna ya kuomba mapigo ilikuwa moja, ila nyuma ya pazia kila kampuni ilijitungia utaratibu wake, na hesabu zilezile za kugawa na kuzidisha zikaandikwa upya kila mahali. Chipu za aina iitwayo ARM zilikuwa zikiongezeka kwa kasi, na mnamo Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani, kwa maneno makali, juu ya vurugu iliyokuwa imetanda kwenye sehemu ya ARM. Jibu lilikuja kwa hatua. Kwa upande wa mapigo, Mike Turquette aliongoza kazi ya kujenga mfumo mmoja wa pamoja, ulioingia kwenye Linux 3.4 mwezi Mei 2012. Tangu hapo mwandishi wa draiva hueleza tu alichonacho: hapa pana mlango, hapa kigawanyi, mzazi wake, yaani mapigo yanakotoka, ni fulani. Mfumo unafanya hesabu iliyobaki. Chipu ikitumia vipande vya kawaida, draiva yake huwa karibu orodha tupu.

Uamuzi ulio mzuri kuliko yote ndani ya mfumo huo unahusu kusubiri. Kuna mapigo yanayowashwa kwa kuandika biti moja kwenye rejista, kufumba na kufumbua. Mengine hayako hivyo. PLL huhitaji muda wa kutulia kabla mapigo yake hayajaaminika, na kama mapigo yanatoka kwenye chipu nyingine iliyo pembeni, amri hupita kwenye waya mbili za I2C, polepole. Sasa, kuna nyakati ambapo kerneli hairuhusiwi kusubiri kabisa, kama pale inapohudumia katizo la ghafla kutoka kwenye kifaa. Ikisinzia hapo, mashine nzima inaweza kukwama. Wasanifu wakaligawa ombi lenyewe mara mbili. La kwanza, clk_prepare, lina ruhusa ya kusubiri. La pili, clk_enable, halina. Mwandishi analazimika kujiuliza mapema ni sehemu gani ya kazi inayochukua muda, badala ya kuligundua jibu siku simu inapoganda mkononi mwa mteja.

Je, wajua kerneli huhesabu watumiaji wa kila mlango? Draiva ya kamera ikiomba mapigo, hesabu inapanda, na inapanda pia kwa mzazi na babu, hadi kwenye chanzo. Ikimaliza, hesabu inashuka. Mlango hufungwa pale tu hesabu inapofika sifuri. Faida yake inaonekana kwenye betri: umeme unaoliwa na sakiti inapobadilika hali hupanda kulingana na kasi ya mapigo, na kwa mraba wa volti. Mahali penye mapigo yaliyozimwa, ulaji huo unakoma. Kwa anayelipia kuchaji simu kibandani, hilo ni jambo la fedha.

Mwishoni mwa kuwaka, kerneli hupita kwenye mti mzima wa mapigo na kuyazima yote ambayo hayakuombwa na mtu. Hapo ndipo makosa ya kimya hujitokeza. Labda kioo kiliwashwa na programu ya mwanzo kabisa, kabla kerneli haijaamka, na hakuna draiva iliyoyadai mapigo yake. Kerneli inaona mlango usio na mtumiaji, inaufunga, na kioo kinakuwa cheusi ghafla wakati mashine ni nzima. Mwaka 2014 suala la vioo vya namna hii lilileta mabishano marefu kati ya wasanifu wa kerneli, hadi ikakubalika kwamba maelezo ya kioo kilichorithiwa yanaweza kutaja mapigo kinayoyategemea. Ipo njia ya mkato, kuiambia kerneli clk_ignore_unused, isizime chochote. Inafaa kwa kutafuta kosa tu. Kifaa kinachouzwa hivyo kinakula betri ya mnunuzi ili kuficha kazi ambayo haikumalizika.

Draiva ikitoa hesabu isiyo sahihi, masikio huisikia kabla ya macho. Muziki uliorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hutaka mapigo ya megahezi 22.5792, na uliorekodiwa kwa 48,000 hutaka 24.576. Ukichezesha wa kwanza kwa mapigo ya wa pili, wimbo unakimbia karibu asilimia 9 na sauti ya mwimbaji inapanda nusutoni moja na nusu. Anayependa Bongo Fleva atalijua kosa hilo kabla ya kibwagizo.

Je, wajua kwamba kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300 barabarani? Hiyo ndiyo hesabu ya GPS, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti husafiri kwa kasi ya mwanga. Mizigo ya kwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma hufungwa kufuli za kielektroniki za TRA zinazoonyesha lori lilipo, na fuwele ya bei nafuu ndani ya kifaa cha aina hiyo haiwezi kamwe kufikia usahihi huo peke yake. Suluhisho ni la kupendeza: kifaa husikiliza angalau setilaiti nne. Tatu zingetosha kujua mahali. Ya nne ipo ili kifaa kipige hesabu ya kosa la saa yake chenyewe.

Kuhesabu nako kuna mwisho. Kila tokeni ya LUKU ilibeba namba iliyohesabu dakika tangu 1 Januari 1993, kwenye nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo hutosha dakika 16,777,216, nazo zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ingeziona tokeni mpya kuwa za zamani na kuzikataa. Ndiyo maana TANESCO iliwataka wateja waingize kwanza namba mbili za ziada kabla ya tokeni yao ya umeme. Hesabu mpya imeanzia mwaka 2014, itatosha hadi 2045.

Kwenye Linux ya biti 32 hesabu ya zamani ya sekunde ingejaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa ya Tanzania. Toleo la 5.6, la mwaka 2020, ndilo la kwanza lenye kerneli iliyo tayari kuivuka siku hiyo hata kwenye chipu za biti 32. Vifaa vidogo vilivyofungwa kabla yake na visivyosasishwa bado vipo kazini.

Je, wajua kwamba kaunta nyingine ya kerneli imewekwa makusudi ianze ikiwa karibu kujaa? Inaitwa jiffies, huhesabu mapigo ya kerneli tangu mashine iwake. Kwa mapigo 1,000 kwa sekunde, kaunta ya biti 32 ingejaa na kurudi sifuri baada ya siku 49.7, na draiva iliyosahau jambo hilo ingeharibika wiki ya nane, kifaa kikiwa kimeshafungwa juu ya mnara au ndani ya lori. Wasanifu wakaamua kaunta ianze dakika 5 kabla ya kujaa. Kila Linux ya biti 32 inapowashwa, baada ya dakika 5 kaunta inazunguka, na draiva mbovu inaanguka mezani kwa aliyeiandika.