Usimtume fundi wa stima kwa mamako kabla ya kukagua leseni yake

UKIWA Nairobi ni rahisi kujenga Kitui kwa simu. Unatuma pesa za mawe, unatumiwa picha ya msingi. Unatuma za mabati, unatumiwa picha ya paa. Kisha inafika zamu ya stima, na binamu yako anakwambia kuna jamaa pale Mwingi "anajua kazi poa na hasumbui bei".

Tulia kidogo hapo. Ukuta uliopinda utauona hata kwa picha ya WhatsApp, lakini waya ukishafunikwa kwa plasta huoni kitu. Fundi akikuwekea waya wa milimita 1.5 kwenye soketi, badala ya 2.5, soketi itafanya kazi vizuri tu. Mpaka siku Mama atakapochomeka pasi na birika kwa pamoja.

Na usidhani Kenya Power itakulinda. Kazi yao inaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na ndiyo sababu wanakuitisha cheti cha waya kilichotiwa sahihi na mwanakandarasi kabla ya kukuunganishia.

Anayetoa leseni hizo ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kuna karatasi mbili, na mafundi wengine hupenda kuzichanganya makusudi. Moja ni cheti cha umahiri, cha mtu binafsi anayeshika waya. Nyingine ni leseni ya mwanakandarasi, inayompa ruhusa ya kuchukua kazi ya mteja. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza na asiwe na ya pili. Diploma ya chuo cha ufundi, hata ikiwa safi namna gani, si mojawapo ya hizo.

Mwambie akutumie picha ya leseni na kitambulisho, kisha usiiamini hiyo picha. Ingia kwenye tovuti ya EPRA utafute jina au nambari ya leseni mwenyewe. Angalia tarehe ya mwisho. Angalia daraja pia: C2 ndilo la chini kabisa na A1 ndilo la juu. Mwenye C2 anatosha kwa nyumba ndogo ya Mama yenye umeme wa fezi moja. Lakini kama wewe na ndugu zako mnajenga vyumba vya kupangisha pale Emali au Wote, ghorofa kadhaa na umeme wa fezi tatu, huyo si mtu wenu. Kwa jengo la namna hiyo mtafute pia kwenye sajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), ambako madaraja huanzia NCA8 kwa wadogo hadi NCA1 kwa wakubwa.

Kijanja kidogo: ukitumiwa karatasi yenye nembo ya ERC, jua ni ya kale. ERC iligeuka EPRA chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Sasa kuna mchezo ambao tovuti haiwezi kukuonyesha. Fundi asiye na leseni anafanya kazi yote, halafu analipa mwenye leseni atie sahihi kwenye cheti cha nyumba ambayo hajawahi kuiona. Karatasi zinakuwa halali, kazi ni ya kubahatisha. Dawa yake ni kumpigia simu huyo aliyeandikwa kwenye leseni kabla hujatuma deposit. Muulize nyumba iko wapi, ina vyumba vingapi, na atakuja kupima siku gani. Asiye na habari utamjua kwa kigugumizi.

Hicho kipimo si cha kupuuzwa, hasa Ukambani. Fimbo ya shaba ya athi hutegemea unyevu wa udongo kupeleka umeme chini, na mchanga mkavu wa Mutomo au Kibwezi mnamo Septemba ni adui wake. Fimbo iliyopita mtihani wakati wa mvua inaweza kufeli kiangazi. Fundi anayejua kazi atazungumzia kina cha fimbo, pengine aongeze ya pili, na atakuja na mega ya kupima waya zenyewe. Anayekuja na testa ya bisibisi peke yake, mshukuru na umlipe nauli.

Kuhusu historia yake, hakuna kitufe cha kubonyeza. Muulize nyumba tatu alizofanya miaka miwili au mitatu iliyopita, si ya mwezi jana, kisha umtume binamu (yule yule aliyekuletea jamaa) akaulize kama swichi ya usalama hukatika ovyo au kama kuna soketi iliyoungua. Kijijini watu hawafichi mambo kama hayo.

Ukiamua kuweka sola badala ya stima, anza upya. EPRA hutoa leseni za sola kando, na ile ya nyaya za nyumba haimruhusu kupanda juu ya paa la Mama.