Mwaka wa Mwisho wa Elimu ya Msingi: Anachojifunza Mwanafunzi wa Darasa la Saba

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Septemba, zaidi ya wanafunzi milioni moja wa Tanzania Bara hufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi kwa muda wa siku mbili. Mwaka 2024 pekee, watahiniwa waliosajiliwa walizidi milioni 1.2. Mtihani unapokwisha, familia huanza kusubiri matokeo, na swali linaloulizwa katika kaya nyingi huwa moja tu: mtoto amefaulu au hakufaulu?

Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Kabla ya siku hizo mbili kuna mwaka mzima wa masomo ambao wazazi na walezi wengi hawaufahamu kwa undani. Mzazi anayejua mtoto wake anafundishwa nini anaweza kufuatilia maendeleo yake, kuzungumza na mwalimu kwa hoja na kugundua upungufu mapema, wakati bado upo muda wa kuurekebisha. Makala haya yanaeleza kinachofundishwa katika mwaka huo, namna kinavyopimwa, na mabadiliko ya mfumo wa elimu yanayougusa moja kwa moja.

Masomo sita yanayopimwa

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kwa wanafunzi wa shule zinazotumia Kiingereza kufundishia, masomo hayo hupimwa kwa lugha hiyo, isipokuwa Kiswahili.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulielewa ni kwamba Darasa la Saba halisimami peke yake. Mada nyingi za mwaka huo ni mwendelezo wa yale yaliyoanza kufundishwa Darasa la Tatu, na mtihani hupima umahiri uliojengwa kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi aliyeyumba katika sehemu na desimali akiwa Darasa la Tano hatakutana na mada hizo kwa mara ya kwanza Darasa la Saba. Atazikuta zimefichwa ndani ya asilimia, uwiano na faida. Ndiyo maana Serikali huendesha pia Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ili upungufu ubainike miaka mitatu kabla ya mtihani wa mwisho.

Hisabati na maisha ya kila siku

Katika Hisabati, mwanafunzi wa Darasa la Saba hufanya matendo ya namba nzima, sehemu na desimali, hukokotoa asilimia, uwiano na wastani, hutafuta thamani ya herufi katika milinganyo ya aljebra, hukokotoa eneo na ujazo wa maumbo, na husoma takwimu zilizowasilishwa kwa majedwali na grafu.

Wazazi wengi wanaikumbuka kanuni ya MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kanuni hiyo bado ni nguzo. Mwanafunzi akipewa swali la 12 + 8 × 3 – (10 – 4) ÷ 2, anayefuata utaratibu huo atapata 33, ilhali anayekokotoa kutoka kushoto kwenda kulia bila kuzingatia kanuni atapata jibu lisilo sahihi, hata kama anajua kujumlisha na kuzidisha vizuri.

Maarifa hayo yana matumizi ya moja kwa moja nyumbani. Mfanyabiashara aliyenunua gunia la mahindi kwa Sh. 50,000 na kuliuza kwa Sh. 60,000 amepata faida ya asilimia 20 ya bei ya kununulia, kabla ya kuondoa gharama za usafiri na ushuru. Shamba la mstatili lenye urefu wa mita 70 na upana wa mita 60 lina eneo la mita za mraba 4,200, ambazo ni zaidi kidogo ya ekari moja. Mtoto anayeweza kufanya hesabu hizo anaweza kuisaidia familia yake kukadiria mbegu na mbolea, na kutambua mizani au bei isiyo ya haki.

Lugha mbili, kazi mbili tofauti

Katika somo la Kiswahili, mwanafunzi hupimwa sarufi, lugha ya kifasihi, ufahamu, ushairi na utungaji. Hutakiwa kutumia ngeli, nyakati na kauli za vitenzi kwa usahihi. Kueleza maana za methali, nahau na vitendawili. Kutambua vina, mizani na beti za shairi. Na kupanga sentensi zilizochanganywa ili zilete habari yenye mtiririko. Aidha, hujifunza kutofautisha barua rasmi na barua ya kirafiki, stadi atakayoihitaji siku atakapoomba kazi au huduma katika ofisi yoyote ya umma.

Kiswahili ndicho kinachobeba masomo mengine katika shule nyingi za Serikali. Mwanafunzi asiyeelewa anachosoma atakosa swali la Hisabati la maneno si kwa sababu hajui kugawanya, bali kwa sababu hakuelewa kinachogawanywa. Kwa hiyo, mtoto anayesoma kwa kusitasita katika darasa hili anahitaji msaada wa haraka katika kusoma kabla ya kurundikiwa mazoezi ya masomo mengine.

Somo la Kiingereza lina uzito wa aina yake. Kwa wanafunzi wengi ni somo moja kati ya sita hadi siku ya mtihani. Miezi michache baadaye, wanapoingia Kidato cha Kwanza, huwa ndiyo lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Mabadiliko hayo ni makubwa, na baadhi ya wanafunzi waliofaulu vizuri hujikuta wakishindwa kumfuata mwalimu wa Biolojia au Jiografia kwa sababu ya lugha. Shule hutoa maandalizi ya lugha mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza, lakini msamiati, nyakati za vitenzi na ufahamu wa habari fupi vinavyofundishwa Darasa la Saba ndivyo msingi wa maandalizi hayo. Muda kati ya mtihani na mwezi Januari, ambao katika kaya nyingi hupita bila kitabu, ni nafasi nzuri ya kumwezesha mtoto kusoma hadithi fupi za Kiingereza.

Sayansi, jamii na maadili

Sayansi na Teknolojia humfundisha mwanafunzi kuchunguza kabla ya kuhitimisha. Hujifunza hatua za jaribio la kisayansi, kuanzia kubaini tatizo hadi kukusanya taarifa na kutoa hitimisho. Husoma pia mifumo ya mwili wa binadamu, magonjwa na njia za kuyazuia, nishati ya umeme, mwanga na sauti, sumaku, mashine rahisi, mazingira, huduma ya kwanza na misingi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA). Mada za uzazi na mabadiliko ya mwili huwafikia wanafunzi wakiwa katika umri wa kubalehe au wanapoukaribia. Ni vyema mzazi ajue kwamba mazungumzo hayo yamekwisha kuanza darasani, ili na yeye ayaendeleze nyumbani kwa lugha ya heshima.

Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi huunganisha historia, jiografia na kazi za mikono. Mwanafunzi hujifunza jinsi mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885 ulivyochochea kugawanywa kwa Afrika, sababu na matokeo ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 9, 1961 na Muungano wa Aprili 26, 1964. Hujifunza pia kusoma ramani, mfumo wa jua, hali ya hewa na utunzaji wa rasilimali. Upande wa stadi za kazi unahusu mambo kama usafi, mapishi, ushonaji, ufinyanzi na misingi ya ujasiriamali.

Uraia na Maadili, kwa upande wake, humwandaa mwanafunzi kuwa raia. Humo hufundishwa alama za Taifa, muundo wa Serikali kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, haki za binadamu na wajibu wa raia, pamoja na tabia za uadilifu, uwajibikaji, ustahimilivu na kudumisha amani. Mtoto anayeelewa kazi ya mkutano mkuu wa kijiji anaelewa mahali ambapo siku moja atahoji mapato na matumizi ya kijiji chake.

Namna upimaji unavyofanyika

Sehemu kubwa ya mtihani ni maswali ya kuchagua jibu sahihi, ambayo mtahiniwa huyajibu kwa kuweka kivuli kwa penseli katika fomu maalumu inayosomwa na mashine. Yapo pia maswali machache ambayo mwanafunzi huandika jibu mwenyewe na, katika Hisabati, kuonesha njia aliyoitumia. Hivyo basi, kukariri herufi za majibu hakutoshi. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huandaliwa mitihani ya maandishi makubwa au ya nukta nundu na huongezewa muda.

Kila somo lina alama 50, hivyo jumla kwa masomo sita ni alama 300. Daraja A ni alama 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, D ni 61 hadi 120 na E ni 0 hadi 60. Waliopata daraja A, B na C huhesabiwa kuwa wamefaulu. Baada ya NECTA kutangaza matokeo, TAMISEMI huratibu uchaguzi wa wanafunzi wa kujiunga na Kidato cha Kwanza katika shule za Serikali.

Mtoto anapoambiwa ajifelishe

Katika baadhi ya maeneo ya nchi, viongozi wamelazimika kukemea mara kwa mara tabia ya wazazi kuwashawishi watoto wao wajibu vibaya kwa makusudi ili wasichaguliwe kuendelea na sekondari. Sababu zinazotolewa ni pamoja na hofu ya gharama za sare na mahitaji mengine, uhitaji wa mtoto kuchunga au kusaidia kazi za nyumbani, na kwa watoto wa kike, matarajio ya ndoa.

Mzazi anayefanya hivyo hupoteza zaidi ya nafasi ya shule. Anamwagiza mtoto aliyejifunza kwa miaka saba akane kwa mkono wake mwenyewe kile anachokijua, na anafanya hivyo katika mwaka uleule ambao mtoto huyo anafundishwa uadilifu. Kuhusu gharama, ada katika shule za msingi na sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne iliondolewa kuanzia Januari 2016. Familia yenye changamoto ya sare au vifaa inashauriwa kufika mapema kwa mwalimu mkuu au ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, badala ya kumwekea mtoto mzigo wa uamuzi huo akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Darasa la Saba linaelekea ukingoni

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, inaelekeza elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani miaka sita ya elimu ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, ambapo kwa elimu ya msingi ulianza na Darasa la Kwanza na la Tatu.

Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu mwaka huo watahitimu wakiwa Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, wenzao waliokuwa Darasa la Nne mwaka 2024 watahitimu Darasa la Saba kwa mtaala uliotangulia, na makundi yote mawili yatatarajiwa kuingia Kidato cha Kwanza Januari 2028. Mzazi mwenye watoto wawili waliopishana darasa moja anaweza kujikuta akiandaa sare mbili za sekondari kwa wakati mmoja, hivyo ni busara kuanza kuweka akiba sasa.

Katika mtaala ulioboreshwa, masomo ya Darasa la Tatu hadi la Sita yanajumuisha Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, pamoja na Dini. Kiingereza sasa huanza kufundishwa Darasa la Kwanza. Katika sekondari, mwanafunzi atakutana na mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ambao hutoa ujuzi wa kazi sambamba na elimu ya darasani.

Kwa mzazi mwenye mtoto katika mwaka wa mwisho, hatua za kuchukua ni chache na zinawezekana: kukagua madaftari ya masomo yote sita walau mara moja kwa wiki, kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kuhudhuria vikao vya wazazi, kumpunguzia kazi za nyumbani nyakati za jioni na kuhakikisha analala vya kutosha. Swali la kumuuliza arudipo kutoka shule lisiwe tu amepata ngapi, bali leo amejifunza nini, kisha apewe nafasi ya kueleza.